Mbono, kostiki na sufuria niliyoitoboa

Dizeli yangu ya kwanza ya mbono iligeuka sabuni. Mbegu nilinunua kwa majirani wenye wigo wa mbono kaburi (jatrofa), na nyingine zilikuwa zimelala stoo tangu mwaka juzi. Mafuta yalionekana safi tu. Nikafuata vipimo: lita 1 ya mafuta, mililita 200 za methanoli (aina ya alkoholi), gramu 3.5 za kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni). Asubuhi nikakuta uji wa njano ndooni. Na sufuria niliyokorogea kostiki ilikuwa na vitundu chini, maana kostiki hula alumini. Mama watoto bado ananikumbusha.

Mbegu zilizokaa vibaya hutoa mafuta yenye asidi. Kostiki ikikutana na asidi hiyo, inatengeneza sabuni badala ya kusaidia methanoli igeuze mafuta kuwa dizeli. Maji nayo yanaharibu zaidi. Kwa hiyo kabla ya yote tia mafuta kidogo kwenye kikaango cha chuma, yapashe. Yakitatarika yana maji, basi yachemshe yote mpaka yanyamaze.

Asidi mimi naipima kwa manjano ya jikoni. Yeyusha gramu 1 ya kostiki kwenye lita 1 ya maji. Chukua mililita 1 ya mafuta, mililita 10 za alkoholi ya isopropili na manjano kidogo, kisha dondoshea yale maji ya kostiki kwa bomba la sindano hadi rangi igeuke nyekundu na ibaki hivyo. Kila mililita uliyodondosha ni gramu 1 ya kuongeza juu ya zile 3.5 kwa kila lita. Mililita zikipita 5, mimi huwa nayaacha hayo mafuta yawe sabuni ya kufulia.

Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye methanoli, taratibu, halafu mchanganyiko huo ndio unaoingia kwenye mafuta ya nyuzi 55 hivi. Fanyia nje. Methanoli hupofusha, na moto wake mchana hauonekani. Gliserini, yaani ule uzito unaojitenga na dizeli, ikishatuama chini, itoe, osha dizeli kwa maji, iache ikauke hadi ing'ae.

Mashudu ya mbono ni sumu, usimpe ng'ombe, yapeleke shambani.

Sasa hesabu. Kwa mashine yangu ya mkono ya kukamulia, lita moja ya mafuta inakula karibu kilo 5 za mbegu, na methanoli nanunua mjini. Ukinunua na mbegu, dizeli ya kituoni inakushinda bei. Makampuni yaliyochukua ardhi Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya mbono hayakudumu. Wigo wako mwenyewe ndio unaolipa. Kama una injini kuukuu ya kusagia, hata methanoli unaweza kuiruka: kijijini Engaruka, Arusha, injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya mbono yenyewe.

Ukijaza tangi mara ya kwanza, weka filta ya akiba mfukoni. Dizeli hii inakwangua uchafu wote wa zamani. Filta yangu iliziba kabla sijamaliza debe la pili la mahindi, foleni ya kina mama ikiwa mlangoni.