Timu imeshika mkia na drafti inakaribia: uanzie wapi kuchambua

Wengi wanaoingia kwenye uchambuzi wa drafti ya NBA, zoezi la kila mwaka ambapo timu za ligi hiyo ya kikapu ya Marekani huchagua kwa zamu vijana wapya, huanza na majina. Wanafungua orodha ya vijana bora, wanatazama video za dakika tatu tatu, kisha wanamtafutia mmoja wao jezi ya timu wanayoishabikia. Wewe anza upande wa pili. Chukua karatasi uandike timu inamiliki nini: machaguo (zamu za kuchagua) ya raundi ya kwanza na ya pili, ya mwaka huu na ya miaka saba ijayo. Yapi ni yake, yapi imeshayatoa kwa wengine, na yaliyotolewa yana kinga gani, yaani sharti la chaguo kubaki kwa mwenyewe likiangukia nafasi za juu. Bila karatasi hiyo utajikuta unapanga matumizi ya chaguo ambalo timu haina.

Kinga ndiyo inayowachanganya wageni, basi tuitazame Philadelphia ya 2025. Ilishinda mechi 24, ikapoteza 58, ikawa ya tano kutoka mkiani. Chaguo lake la raundi ya kwanza lilikuwa deni kwa Oklahoma City, ila lingebaki nyumbani endapo lingeangukia ndani ya nafasi sita za kwanza. Likatoka la 3, Philadelphia ikamchukua VJ Edgecombe. Lingeteremka hadi la 7, msimu mzima wa vipigo ungewanufaisha wenzao. Brooklyn hawakuwa hata na kinga hiyo: katika mabadilishano ya 2013 waliipa Boston machaguo yasiyo na kinga, na la 2016 likaja kuwa la 3, nalo likamleta Jaylen Brown. Kuna kanuni nyingine ya kukumbuka pale mtu anapopendekeza “tutoe machaguo yote tulete staa”: timu hairuhusiwi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Ndiyo maana mabadilishano makubwa hutoa machaguo ya mwaka mmoja na kuruka mwingine.

Baada ya hapo njoo kwenye bahati nasibu, ile inayoamua ni timu ipi kati ya zilizofanya vibaya ichague mwanzo, na hapa usikubali hisia zikuendeshe. Kwa utaratibu ulioanza na drafti ya 2019, mipira 14 yenye namba huwekwa ndani ya mashine na minne hutolewa. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001, mmoja hautumiki. Timu tatu za mwisho hupewa michanganyiko 140 kila moja, yaani asilimia 14 ya kupata chaguo la 1. Lakini nafasi nne tu ndizo zinazochezeshwa. Zinazobaki hufuata rekodi ya msimu. Matokeo yake, timu iliyoshika mkia kabisa ina uwezekano wa asilimia 47.9 wa kuangukia nafasi ya 5. Hakuna nafasi nyingine yenye uwezekano mkubwa kwake kuliko hiyo. Detroit ilishika mkia 2023 ikachagua wa 5, ikashika tena 2024 ikachagua wa 5. Utah ya 2025, ushindi 17 na vipigo 65, nayo ikachagua wa 5, huku Dallas iliyokuwa na asilimia 1.8 ikibeba chaguo la 1 na Cooper Flagg. Kwa hiyo ukichambua timu ya mkiani, andaa kwanza orodha ya nafasi ya 5. Ya nafasi ya 1 haina kazi, kila mtu anaijua. Ligi hurekebisha kanuni hizi mara kwa mara, thibitisha za mwaka unaouchambua.

Sasa wachezaji. Kosa kubwa kuliko yote kwa timu dhaifu ni kuchagua kwa kuziba pengo. Timu iliyoshinda mechi 20 haina pengo moja, ina mapengo kila mahali, na kikosi chake cha leo hakitakuwepo baada ya miaka mitatu. Mfano ulio karibu nasi ni Memphis ya 2009. Ilitoka kwenye msimu wa ushindi 24, ikapata chaguo la 2. Nafasi za gadi, wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, zilikuwa na Mike Conley na O.J. Mayo, kwa hiyo kumchukua mlinzi mrefu wa chini ya kikapu kulionekana kuna mantiki, na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, akaitwa. James Harden akaenda la 3, Stephen Curry la 7. Thabeet aliuzwa Houston Februari 2011, na Mayo mwenyewe akaondoka 2012. Lawama kwa Thabeet kwa kweli zimezidi. Aliyekaa mezani kuamua ni Memphis. Sacramento walirudia 2018: walikuwa na gadi De'Aaron Fox, wakamchukua mrefu Marvin Bagley wa 2, Luka Dončić, gadi naye, akatoka wa 3.

Kesi ya Thabeet ina somo la pili, la kanuni. Katika ligi ya vyuo vya Marekani, NCAA, senta (mrefu wa chini ya kikapu) anaweza kusimama chini ya kikapu akisubiri mitupo ya kuzuia. NBA, tangu msimu wa 2001/02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Kwa hiyo unapotazama takwimu za kuzuia mitupo za mrefu yeyote wa chuo, rudi kwenye video uhesabu ni mara ngapi alitoka nje kumfuata mtu, na aliporudi aliwahi au alichelewa. Takwimu peke yake haisemi.

Umbali nao unatofautiana: mstari wa pointi tatu wa vyuo uko mita 6.75, wa NBA uko 7.24, isipokuwa kwenye kona ambako ni kama 6.70. Kijana aliyetupa mara 100 akafunga 40 anatofautiana na aliyefunga 35 kwa mipira mitano tu, na mipira mitano ni upepo. Tazama mitupo huru pamoja na hiyo. Anayefunga asilimia 85 ya mitupo huru ana mkono wa kuaminika hata kama mwaka wake wa pointi tatu ulikuwa mbaya. Wa asilimia 60 aliyeng'ara kwenye pointi tatu mtilie shaka. Halafu umri: takwimu zilezile za kijana wa miaka 19 na wa miaka 22 si kitu kimoja. Mechi za vyuo ni dakika 40, za NBA 48, kwa hiyo linganisha kwa kiwango cha dakika 36, siyo kwa wastani wa mechi.

Kushuka nafasi kwa hiari ni njia ambayo wageni huisahau. Mwaka 2017 Boston ilikuwa na chaguo la 1, ikaipa Philadelphia, ikapokea la 3 na chaguo jingine la baadaye. Philadelphia ikamchukua Markelle Fultz; Boston ikampata Jayson Tatum, tena kwa mshahara mdogo zaidi. Inafaa pale wachezaji watatu au wanne unawaona wako kiwango kimoja. Pale mmoja amewapita wenzake kwa mbali, usishuke.

Mkataba wa raundi ya kwanza ni miaka minne. Miwili ya mwanzo ina uhakika. Wa tatu na wa nne timu ndiyo yenye hiari, na hiari ya mwaka wa tatu inaamuliwa kabla ya 31 Oktoba, mchezaji akiwa ndiyo kwanza amemaliza msimu mmoja. Kijana wa kuivishwa polepole asiyepewa dakika msimu wa kwanza ataamuliwa kwa mazoezi tu. Kwa hiyo uliza atacheza wapi na nyuma ya nani kabla ya kuuliza ana kipaji gani.

Usitegemee drafti pekee. Detroit ilikuwa na Cade Cunningham, Jaden Ivey, Jalen Duren na Ausar Thompson, na bado 2023/24 ilishinda mechi 14. Kiangazi kilichofuata ilileta kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na wakongwe wanaotupa kutoka mbali: Malik Beasley, Tim Hardaway Jr. na Tobias Harris. Ikashinda 44. Vijana walewale, ila sasa walikuwa na uwanja mpana wa kuchezea.

Raundi ya pili ni ya kubahatisha kwa bei nafuu. Mkataba wake hauna jedwali la mishahara la lazima, na timu inaweza kumwacha mchezaji Ulaya huku ikishikilia haki zake, kama Denver ilivyofanya kwa Nikola Jokić, chaguo la 41 la 2014, aliyekuja mwaka mmoja baadaye. Hapo tafuta mwenye jambo moja analolifanya kwa kiwango cha NBA leo, achana na anayefanya mambo sita nusunusu. Ligi ya kiangazi ya Las Vegas ikianza Julai, usihesabu pointi zake. Angalia anamkaba nani, na kocha anamwacha uwanjani dakika za mwisho au anamtoa.