Maswali ya Wasomaji: Binti yangu hufungua kila kifaa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Binti yangu wa miaka 6 alifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani, skrubu zikapotea, na redio haijasema tena. Baba yake anaona huo ni utundu wa kukomeshwa, jirani ananishauri nimnunulie tableti ili ajifunze teknolojia, nami kipato changu ni cha kuuza mitumba. Nifanye nini?
Mama wa watoto wawili, Bombo

JIBU: Marahaba, mama. Hamu hiyo usiizime, ila itafutie mahali pake. Mpe boksi lenye vifaa vilivyokufa ambavyo ana ruhusa ya kuvifungua, kama vile tochi mbovu, saa ya ukutani au kibodi ya kompyuta, pamoja na bisibisi yake ndogo, na mkubaliane kwamba kisichomo humo hakiguswi bila kuomba. Baba yake ndiye achague vifaa hivyo, maana anayeshirikishwa hulalamika kidogo.

Televisheni na chaja zisiingie kabisa, kwa kuwa televisheni ya zamani huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Betri ya simu ikitobolewa huwaka moto, na zile betri bapa kama kifungo cha shati, mtoto akimeza, zinaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2, kwa hiyo zitoe wewe mwenyewe kabla hajakabidhiwa kifaa. Umeme wa ukutani, wenye volti zipatazo 230, si wa kuchezea hata mkiwa pamoja.

Anzeni na tochi. Itoeni taa yake ndogo nyeupe ya LED ikiwa na nyaya zake mbili, kisha mfunge kwa utepe betri mbili za volti 1.5, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, mpate volti 3. Mwache aguse ncha za betri kwa nyaya hizo. Akizishika kinyume, taa haitawaka, kwa sababu umeme huipita kwa upande mmoja tu, na hapo ndipo wazazi wengi hunyoosha mkono wakazigeuza. Nakusihi usifanye hivyo. Muulize amejaribu nini na kipi bado hajajaribu, kisha unyamaze, hata kama chakula kiko motoni na subira inakuishia, kwa kuwa taa aliyoiwasha mwenyewe itamfunza kuliko kumi utakazomwashia.

Baadaye taa hiyo ipate kazi. Watoto wetu wanajua kuunda magari ya waya, basi gari lake liwekewe taa za mbele na swichi ya kipande cha bati. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshiriki kuunda lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto hujifunza vyema anapojenga kitu cha kuwaonyesha wengine. Mwambie pia kwamba Makerere waliunda gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011.

Tableti inaweza kusubiri. Mkija kuipata, iwekeeni ScratchJr, programu ya bure ya watoto wa miaka 5 hadi 7, ambayo humwezesha asiyejua kusoma kutunga hadithi kwa kupanga vipande vya picha, na ikishapakuliwa haidai intaneti.