Swali la Lugha: Hindi, Muhindi na Pilipili Manga

Swali: Assalaam alaikum, Mwalimu. Mimi ni mama mkaazi wa Chake Chake. Mwanangu amenishinda kwa kuniuliza iwapo mahindi yametoka Bara Hindi na pilipili manga imetoka Manga. Nami naomba kujua: anayenunua la kuchoma aseme "muhindi mmoja" au "hindi moja"?

Jibu: Waalaikumu salaam. Mwanao ana masikio mazuri, ila majina hayo yamempoteza njia, kwani jina la chakula aghalabu hutaja mkono uliokileta, au uliodhaniwa kukileta, wala si ardhi kilikoota mara ya kwanza. Asili ya mahindi ni Mexico, ambako wakulima waliyazalisha kutokana na majani ya mwituni yapata miaka 9,000 iliyopita, na Ulimwengu wa Kale haukuyajua mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Sisi tukayanasibisha na Hindi. Hatuko peke yetu: Waturuki huyaita kwa jina la Misri, Wamisri wenyewe huyaita mtama wa Sham, yaani Syria na jirani zake, na Waitalia huyaita nafaka ya Kituruki, kila mmoja akimsukumia jirani yake.

Manga, katika lugha ya wazee, ni Arabuni, hususan Omani, na Mmanga ni Mwarabu wa huko, aliyekuja kwa jahazi na upepo wa kaskazi. Pilipili manga, hata hivyo, ni mzawa wa pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Hivyo zao la Wahindi tumewapa Wamanga, na zao la Mexico tumewapa Wahindi! Kungumanga nayo ni ya visiwa vya Banda, nchini Indonesia.

Ama kuhusu matumizi, katika Kiswahili sanifu mhindi ni mmea, wingi wake mihindi, na zao lake ni hindi, wingi mahindi, kama vile mchungwa na chungwa. Usahihi basi ni "hindi moja la kuchoma", na kinachobaki punje zikishaliwa ni gunzi. Katika mazungumzo wengi husema muhindi kwa kile kilichopo juu ya makaa, nami sioni kosa kubwa, mradi upatanisho ufuate neno: "muhindi huu", si "muhindi hili". Kwenye maandishi ningechagua hindi, na herufi kubwa iachiwe Mhindi mwenye wingi wa Wahindi, asije mtu akaandika kwamba jana usiku alikula Mhindi Forodhani. Herufi hiyo hiyo ndiyo inayotenga shelisheli tunalolipika kwa nazi na Shelisheli, visiwa ambavyo jina lake tunda hilo limelibeba, ingawa mti wenyewe asili yake ni Guinea Mpya na visiwa vya Pasifiki.