Intel au AMD kwa kompyuta ya gemu?

Umeuliza uchukue prosesa ya Intel, Core i7-14700K, au ya AMD, Ryzen 7 7800X3D, kwa mashine ya gemu tu. Chukua Ryzen. Ina viini (sehemu zinazofanya kazi sambamba) 8 dhidi ya 20 vya Intel, lakini kache yake ya L3, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 96, na gemu nyingi hufaidika zaidi na kache kuliko wingi wa viini, kwa sababu prosesa haisubiri RAM mara kwa mara. Ukihariri video kila siku, hapo Intel inastahili kufikiriwa. Ukicheza kwa 4K, tofauti hupungua sana. Kadi ya grafiki ndiyo inayoamua.

Soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye bodi, nayo ni muhimu ukitaka kubadilisha prosesa baadaye: Core Ultra 200S za Intel zilizofuata zilihamia soketi nyingine, LGA1851, ilhali bodi za AM5, soketi ya 7800X3D, zilipokea Ryzen 9000 zilizofuata kwa kusasisha BIOS (programu ya msingi ya bodi) tu.

Nunua RAM ya DDR5-6000, vijiti 2 vya GB 16, uvichomeke kwenye nafasi za A2 na B2 za bodi, kisha uwashe EXPO, mpangilio wa BIOS unaoifanya RAM ikimbie kwa kasi yake iliyoandikwa. Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa: bodi inajirekebisha iendane na RAM. Tafadhali usiizime, wengi hudhani imeungua.

Ukiamua i7, weka kwanza BIOS yenye maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x12B au mpya zaidi. Volti zilizozidi ziliharibu baadhi ya prosesa hizo.