Kufuta jina si kutunza siri

SWALI: Assalamu alaykum mhandisi. Mimi ni kijana wa Wete, baharia kwenye meli inayopeleka vifaa jukwaa la gesi. Juzi waya wa winchi, mashine ya kunyanyulia mizigo, ulikatika, mzigo ukaanguka karibu na mwenzetu, akanusurika. Tumeletewa fomu ya kuripoti ajali isiyotaka jina, eti ni siri. Niandike kwamba waya ule ulitiwa saini kuwa umekaguliwa, ilhali haukukaguliwa? Naogopa kupoteza kazi.

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Waya kukatika kumeonwa na zamu nzima, hakuna siri hapo. Nahodha aarifiwe leo na winchi isimame. Hilo la saini ndilo linalohitaji ulinzi, na fomu hiyo haikulindi.

Nachoka kusikia “hatuandiki jina, kwa hiyo ni siri”. Fomu inataka tarehe, saa, meli na kazi yako. Tuseme saa hiyo dekini mlikuwa watano, na mfunga mizigo ni wewe peke yako. Msimamizi atakujua kabla hajamaliza kusoma. Tena fomu isiyo na mwenyewe haina wa kuulizwa: waya ulikatikia kwenye ngoma ya winchi unapozungushiwa, au karibu na kulabu? Ndani ulikuwa na kutu? Kwa hiyo umeshajulikana na waliokuzunguka, na anayetaka kurekebisha hana pa kukupata.

Siri ya kweli ni jina kujulikana na wachache, na sheria ikawafunga midomo. Marekani, baada ya mlipuko wa jukwaa la mafuta la Deepwater Horizon wa 20 Aprili 2010 uliowaua watu 11, ulianzishwa mpango wa kuripoti hatari za baharini uitwao SafeOCS. Ripoti zinapokelewa na ofisi ya takwimu za usafiri, si na idara inayokagua visima. Mkaguzi hawezi kuzitumia kumwadhibu mtu. Mtumishi akivujisha, anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini ya hadi dola 250,000, au vyote viwili. Kinachochapishwa ni jumla ya ripoti za kampuni mbalimbali, hata msomaji hajui ipi ilitoka meli gani.

Hapa kwetu, kila habari ya kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba–Zanzibar inapovuma, huzuka washauri wa kuuza fomu na programu za simu “za siri”. Waulize ni sheria gani inayozilinda, watakuonesha rangi za nembo. Nimeona ripoti za namna hiyo zikisambazwa kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi, na picha ya mwandiko wa mtu juu yake. Akifukuzwa mmoja kwa njia hiyo, wenzake wote wataandika “hakuna tatizo” mpaka mkataba uishe, na waya mbovu utaendelea kunyanyua mizigo juu ya vichwa vyao.

Kwa hiyo mkiletewa fomu, ulizeni anayeisoma kwanza ni nani na inahifadhiwa wapi. Wakisema ni msimamizi wenu, irudisheni tupu, na la hatari mkamwambie nahodha kwa mdomo, mkiwa wawili.