Moshi mlimani: hoja husimama lini?

SWALI: Nimesoma kwamba shule ya falsafa ya Nyaya, ya Wahindu wa kale, ilithibitisha kuwa mlimani kuna moto kwa kuwa moshi unaonekana. Tukigeuza, "kuna moshi kwa kuwa kuna moto", si yale yale? Na Wabuddha walibishia nini?

JIBU: Si yale yale. Chuma kilichowekwa motoni hadi kikawa chekundu, kwa mtazamo wao, kina moto ndani, lakini hakitoi moshi. Moto hufuka pale kuni zinapokuwa mbichi. Sharti kama hilo lililojificha Nyaya huliita upadhi, na likigundulika hoja imeanguka.

Hoja nzima ina viungo 5: dai (mlimani kuna moto), sababu (kuna moshi), kanuni na mfano wake (penye moshi pana moto, kama jikoni), kuirudisha kanuni kwenye jambo lenyewe (mlima huu una moshi wa namna hiyo), kisha hitimisho. Wabuddha waliona viungo hivyo ni vingi mno.

Dignaga, Mbuddha wa karne ya 5 na 6, aliipima dalili kwa masharti 3. Iwepo kwenye kinachojadiliwa: moshi uko mlimani. Iwepo kwenye kingine chenye moto: jikoni. Isiwepo popote pasipo na moto: ziwani hakuna. Kisha akachora jedwali. Dalili inaweza kuonekana kwenye vitu vyote vyenye moto, kwenye baadhi, au isionekane hata kwenye kimoja. Vivyo hivyo kwa visivyo na moto. Tatu mara tatu ni hali 9. Zinazosimama ni 2 tu. Nyingine 2 zinathibitisha kinyume cha dai, na 5 hazithibitishi lolote. Moshi wetu ni wa "baadhi", kwa sababu ya kile chuma, na bado unafaulu.

Dharmakirti, Mbuddha mwingine aliyekuja baadaye, akasema kutokuona mfano wa kupinga hakutoshi. Ukionja punje chache za wali, huwezi kuapa kwamba chungu chote kimeiva. Lazima dalili ifungwe na jambo lenyewe: ama ni zao lake, kama moshi kwa moto, ama ni kitu kilekile, kama mshimshapa (aina ya mti wa India) kuwa mti. Kwa kipimo hicho, methali yetu ya dalili ya mvua ni mawingu haipiti: sababu inaweza kuzuiwa kabla ya kuzaa tokeo.

Ugomvi mwingine ulikuwa idadi ya njia za kujua. Nyaya walihesabu 4: kuona kwa hisia, kuhitimisha kwa dalili, kulinganisha, na neno la mtu wa kuaminika. Dignaga alibakiza mbili za kwanza. Neno la mwaminifu nalo, alisema, ni dalili tu, na lipimwe hivyo. Hapo ndipo palipouma, maana Nyaya waliitetea Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kwa njia hiyo ya nne.