Nikitoka kwenye foleni supachaja inakata nguvu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu la spoti lina injini ya lita 2. Halikuja na supachaja (pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa zaidi) kutoka kiwandani. Nilifungiwa miezi minne iliyopita, aina inayokaa juu ya injini, inasukuma kwa shinikizo la nusu bar. Asubuhi gari linaruka. Nikikaa kwenye foleni nusu saa kisha nikikanyaga, linakuwa zito kana kwamba supachaja haipo. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Pia injini ikivuka mizunguko 5,000 kwa dakika nasikia kitu kinalia. Je, imekufa?

JIBU: Nzuri, ndugu. Haijafa. Supachaja mbovu haichagui saa. Ingekusumbua hata asubuhi. Lako ni joto.

Hewa ikibanwa inapata moto. Ya nyuzi 30 ikisukumwa kwa nusu bar inaweza kutoka na nyuzi 80 au 90, ndiyo maana kuna intakula ya kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Sasa kwenye foleni hakuna upepo, na supachaja yako imelalia injini ya moto. Ukikanyaga, kompyuta ya injini inaona hewa inachoma, inachelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, yaani mafuta yasijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Nguvu zako zimeishia hapo, na taa haiwaki kwa sababu hakuna kilichoharibika upande wa kompyuta.

Kulegea kidogo baada ya foleni ni jambo la kuzoea tu. Lakini "kana kwamba haipo" imezidi. Intakula za aina yako kwa kawaida hupozwa na maji yenye pampu yake ndogo ya umeme, mbali na pampu ya injini. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha tangi la maji hayo, mwambie mtu awashe gari, wewe chungulia. Maji yanatakiwa yaonekane yakitembea. Yakitulia kama ya kwenye ndoo, angalia fyuzi kwanza, ndipo uilaumu pampu. Yakitoa mapovu, kuna hewa imebaki ndani tangu siku ya kufunga, itolewe.

Huo mlio wa juu ni tofauti na uvumaji wa supachaja, ambao wengine ndio wanaoulipia. Nahisi mkanda unateleza. Zima injini, pitisha kidole pembeni ya puli: ukikuta unga mweusi, ndiyo huo. Usipulizie dawa ya mkanda. Mkanda mpya hutanuka, kwa hiyo huenda kibana mkanda kinahitaji kukazwa upya, au puli mbili hazijakaa mstari mmoja.

Ukiwa hapo, muulize aliyekufungia kama alibadilisha plagi. Injini iliyoongezewa pumzi inataka plagi ya baridi zaidi (inayotoa joto haraka) kwa daraja moja, na mwanya wa karibu milimita 0.7, kwa sababu kwenye mwanya mpana wa kiwandani cheche inazimwa na mgandamizo. Muulize pia kompyuta ilisetiwa kwa petroli ya oktani (kipimo cha kuhimili kugonga) ngapi, na usishuke chini ya hapo hata siku moja. Ukisikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye mkebe, huko ndiko kugonga: achia pedali ya mafuta hapohapo na usikanyage tena mpaka fundi asome data ya injini. Pistoni inaweza kupasuka kwa sekunde chache.